Mama wa Mashine na Kufuli Langu

Nimeanza kuandika habari za Mama wa Mashine mara nne, na mara nne nimechana karatasi. Mara ya kwanza alitoka mtakatifu. Mara ya pili alitoka mkali mno, hata mimi mwenyewe nikamwogopa. Nyingine mbili sikumbuki alitokaje. Niliishia darasa la saba, na daftari hili nililianza kwa ajili ya kuandika siku ambazo mwanangu amelala na siku ambazo hakulala, kwa hiyo nisamehewe nikiruka huku na huku. Sijui kutulia mahali pamoja nikaeleza jambo mpaka mwisho. Hata sasa naandika nimesimama, daftari liko juu ya pipa la maji.

Alizaliwa lini, na nani, sikuuliza na hakusema. Kwamba alitokea Iringa tulijua, maana alisalimia "kamwene" hata kwetu sisi Wanyakyusa tuliomwambia "ugonile". Alikuwa na mashine ya kusaga na kukoboa hapa Ilomba, kwenye kibanda cha mabati mwisho wa kichochoro chetu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni iliyobandikwa ukutani, lakini unga ulishalifunika, na hakuna aliyelipangusa. Tulimwita Mama wa Mashine, ingawa mtoto wake hatukumjua.

Sikuwahi kumwona amekaa pale kazini. Kigoda kilikuwepo, wateja ndio walikikalia. Yeye alizunguka: anagusa mkanda, anachungulia chekeche, anafagia pumba aliyokwisha kuifagia, anatoka nje kutazama mawingu, anarudi. Nyusi nyeupe kwa unga, kope nyeupe, na macho yanakuangalia begani. Machoni hakuangalia mtu. Ukimpa mkono, anakupa kiwiko. Kanisani, ikifika wakati wa kupeana amani, anatoka nje kama mtu aliyesahau kitu, wakimaliza anarudi.

Na utani haukumfikia siku hiyo hiyo. Unasema neno, wote tunacheka, yeye anakutazama begani kama hujasema kitu. Kesho yake unapita na mambo yako, anakusimamisha.

"Mama Sekela. Ile ya jana ya mbuzi. Nimeielewa." Halafu ndipo anacheka, peke yake, mpaka machozi yanachora mistari kwenye unga.

Lakini alikuwa na ulimi. Siku moja, wakati wa mvua, nilipeleka mahindi ambayo hayajakauka vizuri. Akatia mkono kwenye ndoo, akaniambia mbele ya wanawake wote, "Yana maji. Yataziba mashine yangu. Mvivu wa kuanika asile ugali." Nililia njia nzima. Kwa haki lazima niandike pia kwamba mahindi yalikuwa mabichi kweli, na kwamba nilikuwa nimeambiwa niyaanike nikaona uvivu. Ila angeweza kunivuta pembeni. Hilo bado nalishikilia.

Sasa niandike la kufuli, maana bila hilo haya mengine ni maneno tu.

Mwanangu Sekela alikuwa na miaka sita. Hakuwa na maneno. Alikuwa na sauti, na kelele, na kukimbia. Ukimwachia dakika moja yuko barabara kuu, kule yanakopita malori ya Zambia. Mara ya kwanza alirudishwa na mwendesha bodaboda. Mara ya pili dereva alipiga breki nikasikia nikiwa bado kichochoroni. Baba yake ni utingo wa lori, yuko njiani siku nyingi kuliko nyumbani. Simlaumu, tunakula kwa njia hiyo hiyo. Mimi nauza viazi soko la Mwanjelwa. Sokoni Sekela hakuweza: watu wanamgusa, anapiga mayowe, anajitupa chini, wateja wanahama, wenzangu wanasema, "Mama Sekela, huyu mtoto umpeleke akaombewe." Nilimpeleka. Aliombewa kwa sauti kubwa, akamng'ata aliyemwombea.

Basi nikanunua kufuli. La shaba, dogo. Asubuhi namwachia uji na maji, namfungia chumbani, naenda sokoni. Jioni namfungulia. Nimeliandika na mkono haukukataa. Karibu mwaka mzima nilifanya hivyo. Majirani walijua, hakuna aliyenisema, maana na wao hawakuwa na jawabu.

Siku moja umeme ulikatika tangu saa nne. Mashine ikanyamaza, na katika kunyamaza huko Mama wa Mashine akasikia kitu kinagonga. Alifuata mlio mpaka kwangu. Niliporudi jioni nilimkuta amekaa. Yeye asiyekaa, amekaa chini kwenye kizingiti changu, mgongo ameuegemeza mlangoni. Ndani Sekela anagonga, nadhani kwa kichwa. Tu, tu-tu. Na huyu wa nje anajibu kwa kifundo cha kidole: tu, tu-tu. Ndani kimya kidogo. Halafu tena.

Alisema bila kuniangalia, "Mama Sekela, humu ndani kuna mtu."

"Ni mwanangu, mama."

"Najua ni mwanao. Nakuambia kuna mtu."

Nilianza kujieleza. Breki, malori, soko. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Hakuniita mama mbaya, na ninaandika hivi kwa sababu wengine waliosikia baadaye walidhani alinigombeza.

"Kesho umlete kwenye mashine," alisema.

"Mashine ina kelele. Huyu kelele zinamuua."

"Umemuuliza?"

Ungemuulizaje mtoto asiye na maneno?

Yeye alimuuliza kwa siku tatu. Siku ya kwanza alipowasha mota Sekela aliruka akajipigiza ukutani. Wanawake wakasema, "Si tumesema?" Lakini mashine ilipokolea, Sekela akanyamaza. Akasogea. Akaweka shavu kwenye ubao wa kibanda unaotetemeka, akafumba macho. Ikazimwa, akalia. Ikawashwa, akajipigiza. Mama wa Mashine alizunguka zunguka, anafagia pasipo na kitu, anawaza. Siku ya tatu, kabla ya kuwasha, alisimama mbele ya mtoto, akainua kiganja juu, wazi. Akahesabu kimoyomoyo, midomo inacheza. Ndipo akawasha. Sekela alishtuka, ila hakuruka. Mara ya tano hakushtuka.

"Kelele hazimwogopeshi," aliniambia. "Anaogopa kushtukizwa. Hata mimi sipendi."

Hapo ndipo desturi ya kiganja ilipoanzia. Kwanza yeye. Halafu wanawake wa foleni: kabla ya kuweka ndoo chini kwa kishindo, unainua kiganja. Kabla ya kumsogelea Sekela, kiganja. Halafu kichochoro kizima. Hata wauza mkaa, hata kijana wa maji. Mgeni akipita Ilomba kwetu alidhani tunaapa.

Daktari alikuja kutuambia jina la hali ya Sekela baadaye sana. Alisema usonji. Nilirudi na lile neno nimelishika kama yai, nikampelekea. Mama wa Mashine akauliza, "Amekuambia na la kufanya?"

"Amesema kuna darasa maalumu, na kwamba tuwe na subira."

"Basi umetajiwa jina la stendi. Choo kiko wapi utatafuta mwenyewe."

Simdharau daktari. Alikuwa na watu wengi nje, na neno lenyewe limenisaidia: nilipolijua niliacha kufikiri kwamba nimelogwa au kwamba nilikula kitu kibaya nikiwa mjamzito. Na shule yenye darasa hilo tuliipata kweli, miaka miwili mbele. Ila la stendi pia ni kweli.

Watu huniuliza kama Mama wa Mashine mwenyewe alikuwa wa namna ya Sekela. Kutoangalia machoni, kiwiko, utani wa jana. Sina elimu ya kusema hivyo. Siku moja tu nilithubutu kumwambia, "Mama, wewe na Sekela mnaelewana kama mmenyonya ziwa moja." Akaendelea kufagia. Kesho yake akanisimamisha njiani. "Ile ya ziwa," alisema. Nikangoja acheke. Hakucheka. Akaondoka.

Mwenye kusoma asidhani mambo yalinyooka. Hapo mashineni palikuwa na mistari miwili ya ndoo. Wa kushoto ni wa kukoboa kwanza ndipo yasagwe, upate sembe. Wa kulia ni wa kusaga moja kwa moja, upate dona. Mwenye ndoo anaulizwa, "Kukoboa au kusaga?" Mama wa Mashine anaipanga kwenye mstari wake, wewe unaenda zako, unarudi jioni. Hakuna karatasi. Mstari ndio karatasi.

Sekela alipenda ndoo. Jumamosi moja akazipanga upya kwa rangi. Nyeupe zote kulia, za bluu zote kushoto. Na katika nyeupe kulikuwa na ndoo tatu za Mama Atu, jirani yetu wa mlango wa pili, aliyekuwa na sherehe ya kipaimara cha binti yake kesho yake. Wageni walitoka hata Tukuyu. Walikuta ugali wa dona, umekoza rangi. Sisi wengine wala tusingejali. Mama Atu ni mtu wa sembe nyeupe kama shuka, alishawaambia watu watakula nini. Wifi yake alisema kwa sauti, "Kumbe mjini mnakula kama wafungwa."

Jumatatu Mama Atu alikuja mashineni hajasalimia. Hakuinua kiganja. Alimkamata Sekela mkono, akamzaba kofi. Sekela akamng'ata mpaka damu.

Pakajaa. Mjumbe wa mtaa naye akaja. Mama Atu ameshika kidonda, analia kwa hasira, na mimi nililetwa kutoka sokoni nikiwa na tope la viazi mikononi.

"Huyu mtoto alikuwa anafungiwa na tulikaa kwa amani," Mama Atu alisema. "Afungiwe. Sisemi kwa ubaya, Mama Sekela. Kesho atamng'ata mtoto wa mtu."

Wengi waliinama kwenye ndoo zao. Kuinama kwao nilikusoma vizuri. Nami nitasema ukweli: moyo wangu ulikubaliana naye. Nilichoka. Nilitaka mtu aniamuru, nikafunge, isiwe kosa langu.

Mama wa Mashine alikuwa anazunguka tu, ufagio mkononi. Akasimama.

"Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Nilimwona anapanga. Niliona zimekaa vizuri, nyeupe huku, bluu huku. Zilinipendeza. Sikuzirudisha."

Mtu mmoja akacheka. Yeye hakuelewa anachekwa nini, akaendelea.

"Kosa la pili ni la Sekela. Ameng'ata. Msiseme hajui. Ataambiwa. La tatu ni lako, Mama Atu, umempiga mtoto asiyeweza kukusemea kwa mjumbe. Sasa tufanyeje? Mimi nitakoboa ndoo tatu za mahindi yangu. Yeye atazibeba na mimi, mpaka mlangoni kwako."

"Sherehe imeshapita," Mama Atu alisema. "Sembe ya nini sasa?"

"Sembe haiozi leo."

Zikabebwa. Nilitembea nyuma yao. Sekela alishika mpini upande mmoja, Mama wa Mashine upande mwingine, mara tatu, kwenda na kurudi. Ndoo ya tatu ilipofika, Mama Atu alikuwa amesimama mlangoni. Sekela akaiweka chini, akainua kiganja. Mimi nilidhani Mama Atu atafunga mlango. Aliangalia kile kiganja muda mrefu. Akainua chake, kile chenye kidonda kilichofungwa kitambaa.

Wiki hiyo wanawake wa foleni waligawana siku, mzigo usibebwe na Mama wa Mashine peke yake: nani anakaa na Sekela lini, wakati mimi niko Mwanjelwa. Ilipotajwa Alhamisi hakuna aliyejitokeza. Mama Atu akasema kutoka nyuma, "Alhamisi niachieni. Lakini aking'ata tena, na mimi namng'ata."

Sasa naandika jambo ambalo Baba Sekela hajui. Ijumaa ya wiki ileile mwenye zamu aliugua, na badala ya kuuliza mwingine nilimfungia Sekela tena. Sijui kwa nini. Nadhani kuomba kulinichosha kuliko kufunga. Niliporudi, Mama wa Mashine yuko kizingitini. Hakusema kuna mtu ndani. Alinyoosha mkono, kiganja juu, kama anayesubiri kupewa kitu. Nikampa kufuli na ufunguo.

Ndipo akaniambia, mara moja tu katika miaka yote, huku anatazama bega langu.

"Kwetu tulikuwa na kaka wa hivi. Tulimfunga kamba kwenye nguzo ya banda la ng'ombe. Wengine fundo lao alikuwa analifungua. Langu alishindwa. Kwa hiyo wakawa wananiita mimi."

"Akawaje, mama?"

"Watu wanasubiri unga."

Akaenda. Ufunguo sikuuona tena. Kufuli alilitundika kwenye msumari pale mashineni, limefunguka, likapata unga mpaka likawa kama andazi.

Nilikaa na habari hiyo usiku wa siku nyingi. Je, alimpenda Sekela, au alikuwa anafungua fundo lake? Nimejiuliza, na nimeona swali lenyewe si la haki. Sekela alipata siku zake nje. Mimi ningependa wema wangu wote uwe na sababu safi, lakini sina hata mmoja.

Alichomfundisha Sekela kuliko vyote ni punje. Umeme ukikatika, mtoto anachachamaa kwa ule ukimya. Mama wa Mashine anaweka punje moja ya mahindi kwenye ubao, anaisukuma kwa kidole mpaka kwa Sekela. Sekela anairudisha. Inaenda, inarudi. Hakuna mshindi. Niliwahi kuuliza mchezo unaisha saa ngapi, akanijibu, "Umeme ukirudi." Mpaka leo Sekela hatoki nyumbani bila punje mfukoni. Ana miaka kumi na minne. Ana maneno kama ishirini, na "mashine" ndilo lilikuwa la kwanza. Mimi nilikuwa la tano. Nilihuzunika kidogo, kisha nikaacha.

Halafu Mama wa Mashine alianza kukosea mistari. Dona ikawa sembe, sembe ikawa dona, na safari hii hakuna mtoto aliyepanga. Akamuuliza mtu, "Kukoboa au kusaga?" mara tatu. Tuliona kama kawaida yake, na hapo tulikosea: tulimzoea mno tukashindwa kumwona. Siku moja alisahau kuzima mota akaondoka. Binti wa kaka yake alikuja kutoka Iringa akamchukua. Mashine akanunua mtu mwingine, kijana mpole. Na yeye huinua kiganja, ingawa hajui ilianzaje.

Ilinichukua karibu miaka miwili kwenda kumwona. Nina sababu nyingi, hazinitoshi. Mwezi uliopita tulipanda basi mimi na Sekela. Kijiji chenyewe kiko kando ya barabara kuu, kabla hujafika Iringa mjini. Tulielekezwa nyumba ya tofali za kuchoma, mahindi yameanikwa uani. Hakuna mtu. Nikabisha hodi mara tatu. Nikageukia chumba cha uani.

Mlango ulikuwa na kufuli.

Nililitazama nikitafuta kama ni langu, sijui kwa nini. Halikuwa langu. Langu lilikuwa la shaba, hili jeusi, kubwa. Nikasikia ndani mtu anatembea. Hatua, hatua, anageuka, hatua. Mwendo ule ningeutambua popote. Nikataka kukimbia, nikataka kulivunja, nikataka turudi stendi kabla hatujaonekana. Vyote kwa pamoja.

Sekela hakutaka chochote katika hivyo. Alisimama mbele ya mlango akainua kiganja kwa mtu asiyemwona. Midomo inacheza, anahesabu. Kisha akakaa chini, akatoa punje mfukoni, akaisukuma chini ya mlango.

Hatua zikasimama. Tukangoja. Kuku alipita, akatazama, akaenda zake. Nilishaanza kumwambia Sekela, "Twende, mwanangu," ndipo punje ikatoka. Polepole, na nyuma yake ncha ya kidole, ukucha mrefu usiokatwa.

Sekela akairudisha.

Binti wa kaka yake alitukuta hapo, ametoka shamba na jembe begani. Mwanamke wa umri wangu, amechoka kama mimi wa wakati ule. Alipoona tulipokaa, uso ulimbadilika.

"Kamwene, dada," alisema. "Msinifikirie vibaya. Juzi alifika mpaka barabarani. Lori lilipiga breki. Mimi ndiye nalima, mimi ndiye napika, nifanyeje?"

Maneno yale niliyajua. Yalikuwa yangu, kuanzia breki. Ulimini nilikuwa na lile la kumwambia, kwamba humu ndani kuna mtu, na nilikuwa na haki ya kulisema kuliko wengi, na pia sikuwa nayo kabisa. Nikamwambia tu, "Hata mimi nilikuwa na kufuli. La mtoto huyu."

Alimtazama Sekela. Akatoa ufunguo kifuani. Alipotaka kuuingiza, Sekela, asiyegusa watu, alimshika mkono akamzuia. Akainua kiganja chake kingine mbele ya mlango. Yule dada alinitazama. Nikamwambia, "Subiri kidogo. Anampa habari." Sekela alipomaliza hesabu yake, akamwachia.

Mama wa Mashine alikuwa amekaa chini, nyuma kabisa ya mlango. Nyusi zake nyeusi. Sikujua kama zilikuwa nyeusi. Mimi hakunijua. Alitazama bega langu, akauliza, "Kukoboa au kusaga?"

"Kukoboa, mama," nilisema.

Akasogea kizingitini, juani, akasukuma punje.

Nilimvuta yule dada pembeni. Tulikuwa na basi la jioni, muda haukuwepo, na mimi nikianza kujieleza simalizi. Nikamuuliza, "Jirani yako wa karibu ni nani?"

"Kuna mama mmoja hapo kwenye migomba. Lakini huyo hatusalimiani. Shangazi aliingia kwake akamwaga maziwa, tukatukanana."

"Anakuwepo nyumbani mchana?"

"Yupo. Ila dada, huyo ana maneno."

"Anafaa," nikamwambia. "Tuanze kugawana siku na huyo."

Alicheka kidogo, kwa wasiwasi, akaweka jembe chini. Mlango tuliuacha wazi, wawili wale wamekaa kizingitini na punje katikati yao, tukakata uwanja kuelekea kwenye migomba. Tulipokaribia, yule mama alitoka akasimama, mikono kiunoni. Nikainua kiganja.